UMEME WA USHIRIKA: DAFTARI LISOMWE MBELE YA WENYEWE

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa treni ya umeme, akiisha kuziacha Kilosa na Kidete nyuma yake, hupita Gulwe, katika wilaya ya Mpwapwa. Jina la Gulwe si geni kwa wafanyakazi wa reli. Tangu Wajerumani walipotandaza reli ya kati, mto Kinyasungwe umewatoa jasho mafundi wa njia katika sehemu hiyo, kizazi baada ya kizazi. Mvua za mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 ziliikata njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 ziliikata tena, na treni za abiria zikakaa muda mrefu bila kupita. Mwezi wa Julai 2024 treni mpya ilianza safari zake mpaka Dodoma, ikikokotwa na umeme wa volti 25,000 uliotundikwa juu ya reli.

Hatukukusudia leo kuisifu treni. Waliopewa kazi ya kuisifu wameifanya, na abiria waifanya kila siku bila ya kuombwa. Twataka kusema habari ya waya. Waya ule wapita kando ya mashamba ya mtama na alizeti, kando ya tembe za watu, nao waenda zake. Umeme upitao juu ya kichwa cha mtu si umeme wake mtu yule, na jambo hili wananchi wa Mpwapwa hawana haja ya kufundishwa. Bwawa la Mtera liko mpakani mwa wilaya yao. Mitambo yake, yenye nguvu ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988, na umeme wake ukasafiri kwenda kuendesha viwanda na kuwasha taa za miji, huku vijiji vingi vya wilaya hiyo hiyo vikiendelea kwa miaka mingi kusomea koroboi.

Ni haki tuyaseme pia yaliyotendeka tangu hapo. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo jumla yake ni 64,359. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, bei ya mbuzi mdogo au pungufu yake. Hii si kazi ndogo, na asiyeiona hataki kuona.

Lakini neno “kufikiwa” lina mapana yake. Nguzo ikisimama mbele ya zahanati na ofisi ya kijiji, kijiji kimefikiwa. Mwenye tembe yake mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka hapo, yeye hajafikiwa. Na huku Ugogo watu hawajengi bega kwa bega. Ng’ombe na mashamba vyataka nafasi, kwa hiyo nyumba zimetawanyika, na kila nyumba moja yataka nguzo nyingi na waya mrefu. Tena mashine kubwa ya kukamua alizeti yataka umeme wa njia tatu. Laini ya njia moja itawasha taa na kuchaji simu, lakini mkulima ataendelea kuifunga mbegu yake katika magunia na kuipeleka mjini, akamuliwe huko, kisha auziwe mafuta ya alizeti yake mwenyewe.

Kwa hiyo lipo swali ambalo wanachama katika matawi yao, na wafanyakazi katika mahali pao pa kazi, wanapaswa kulizungumza. Pale ambapo wananchi wako tayari kuchanga, kununua mtambo wa nguvu za jua au kuyatumia maporomoko ya mto wao, na kuendesha umeme huo kwa chama cha ushirika, Serikali iwasimamie namna gani? Twasema “namna gani” kwa sababu hatusemi iwaache. Umeme si duka la chumvi. Waya uliofungwa vibaya huua mtoto. Na fedha za watu mia tatu zikikaa mikononi mwa watu watatu wasiokaguliwa, mwisho wake twaujua sote. Wahenga waliusema zamani, ya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Mfano tunao hapa hapa nchini, wala hatuna haja ya kuutafuta Ulaya. Ukitoka Gulwe kwenda magharibi utafika Msagali, na hapo ndipo ilipochepuka reli ya kwenda Kongwa, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ule ulianza mwaka 1947 ukatupwa mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mashamba yake yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Uliamriwa kutoka London, na mkulima wa hapa hakuulizwa hata mvua hunyesha lini. Basi katika Urambo ile ile, miaka zaidi ya arobaini baadaye, watu walianzisha jambo dogo mno kuliko lile, nalo likaleta matunda ambayo karanga hazikuleta.

Mwaka 1994 kilianza kazi huko chama cha ushirika cha watumiaji wa umeme, kilichojulikana kwa herufi zake UECCO, kwa kushirikiana na TANESCO na kwa msaada wa wataalamu wa Sweden. Kilikuwa na mitambo ya dizeli na wateja 67. Umeme haukuwaka mchana kutwa. Uliwaka saa chache tu. Na bei yake kwa kila yuniti ilikuwa kubwa kupita ile waliyolipa wateja wa TANESCO, kwa kuwa bei ya TANESCO ilishushwa kwa ruzuku, na wao wa Urambo walipaswa kununua dizeli iliyotoka mbali na kuilipa kwa fedha zao wenyewe. Mtu asiyeuamini ushirika angesema kwamba wateja wangekimbia. Hawakukimbia. Ilipofika mwaka 2002 walikuwa kiasi cha 250.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo kwa makini. Mwananchi wa kawaida, ambaye daima twaambiwa kwamba hapendi kulipa, alilipa zaidi ya mtu wa mjini, kwa umeme wa saa chache, na jirani yake akaja naye akaomba kuunganishwa. Kwa nini? Sisi twaona ni kwa sababu bei ile aliijua ilikotoka. Pipa la dizeli aliliona kwa macho. Wanakamati waliopanga bei aliwachagua mwenyewe, nao waliishi naye mji mmoja, wakakutana naye sokoni na msibani. Bei kubwa inayoeleweka huvumilika kuliko bei ndogo isiyoeleweka.

Hatusemi kwamba Urambo palikuwa peponi. Dizeli ni bwana mkali. Ikipanda bei huko duniani, chama kidogo hakina kifuniko. Tena siku zile sheria ya umeme iliyokuwapo ilikuwa bado ile ya wakoloni ya mwaka 1931, iliyotungwa kwa ajili ya makampuni, na ndani yake mkulima mwenye jenereta hakufikiriwa. Leo Urambo yapata umeme wa gridi ya taifa, nasi hatuna budi kufurahi. Lakini kila chama cha namna ile, mahali popote, kina haki ya kujua mapema: siku waya wa taifa utakapofika, nguzo zetu, mita zetu na michango yetu vitakuwa vya nani? Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliiondoa ile ya 1931, na kanuni zilizotolewa na EWURA baadaye zimelijibu swali hilo kwa sehemu: mwenye mtambo mdogo aweza kuiuzia TANESCO umeme wake, au kununua kwake na kuwauzia wateja wake, au kulipwa fidia ya mali inayofaa. Hayo ni maendeleo makubwa. Tatizo ni kwamba kanuni hizo zimeandikwa kwa lugha ya mawakili, nao wajumbe wa kamati ya kijiji si mawakili.

Tuje sasa kwenye bei, maana hapo ndipo penye moto. Chini ya kanuni za umeme mdogo, mtambo usiozidi kilowati 100 haukuhitaji idhini ya bei kutoka EWURA, isipokuwa asilimia 15 ya kaya zinazotumia umeme huo wakilalamika. Kanuni hii twaiona kuwa ya busara, maana yampa mtumiaji ufunguo wa kuiita Serikali. Lakini mwaka 2020 Wizara iliagiza kwamba umeme wa mitambo midogo vijijini uuzwe kwa shilingi 100 kwa yuniti, sawa na bei ya TANESCO kwa mteja mdogo. Nia ya agizo lile ilikuwa njema, na hakuna mjamaa awezaye kuipinga. Ni haki gani iliyopo ikiwa mkulima asiye na kitu alipa mara nyingi zaidi ya mwenye nyumba ya mjini?

Hata hivyo, nia njema haijazi pipa. TANESCO yaweza kumwuzia mteja mdogo kwa shilingi 100 kwa sababu anao wateja wakubwa, viwanda, mahoteli na migodi, ambao bei yao husaidia kuziba pengo. Mtambo wa kisiwani au wa kitongojini hauna kiwanda cha kuziba pengo. Wateja wake wote ni wadogo. Ukimwagiza mama ntilie auze chai kwa bei ya maji, ama umpe wewe sukari na majani, ama kesho utakuta jiko limezimwa. Baadhi ya wenye mitambo hiyo waliacha kupanua kazi yao. Wengi wao walikuwa makampuni, na wengine watasema yawapasa. Lakini agizo la bei halibagui: lingekiangukia chama cha ushirika cha wakulima vile vile, na chama hakina benki ya ng’ambo ya kukishika mkono. Bei moja kwa nchi nzima ni jambo la haki, na gharama yake yapaswa kubebwa na nchi nzima kupitia Mfuko wa Nishati Vijijini, wazi wazi, kwa hesabu zinazosomeka.

Hapa twafikia jambo ambalo gazeti la Chama halipaswi kulikwepa. Mwaka 1966 iliundwa Kamati Maalumu ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Ushirika wakati huo ulikuwa nguzo ya uchumi wetu: kahawa ya Kilimanjaro, ambako KNCU kilikuwapo tangu mwaka 1933, pamba ya Usukuma, ambako Ndugu Paul Bomani na wenzake waliwafundisha wakulima kuipima mizani wenyewe. Kamati ilikuta wizi, ndiyo. Lakini haikuishia hapo. Ilisema kwamba wanachama hawakuelimishwa, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, kwamba katika vyama vikuu demokrasia ilipungua, na kwamba ushirika uliingiliwa mno na wanasiasa. Wanasiasa hao walikuwa watu wetu. Hawakutoka mwezini.

Tiba iliyofuata haikuulenga ugonjwa. Kamati za vyama kadhaa zilivunjwa. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilifutwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Mamlaka hizo nazo ziliiba na kupoteza, tena bila ya mwanachama kuwa na mkutano wa kuulizia. Haikuchukua miaka mingi. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika, na mwaka huo huo likaanzishwa shirika la ukaguzi, COASCO. Sheria nyingine ilikuja mwaka 2003, na ile ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Mrajis. Karibu miaka sitini imepita tangu ripoti ile ya 1966, na msomaji akiifungua leo atadhani imeandikwa juzi.

Kosa lililorudiwa ni moja. Kila msimamizi alipoona chama kinaumwa, alikishika mkono akakiongoza yeye, badala ya kuwapa wanachama macho ya kuona. Kwa umeme kosa hili litakuwa baya zaidi, kwa sababu chama cha umeme kina mabwana watatu. Kwa habari ya ushirika kiko chini ya Mrajis. Kwa habari ya bei na usalama wa nyaya kiko chini ya EWURA. Kwa habari ya ruzuku kiko chini ya REA. Kila mmoja ana fomu zake na mkaguzi wake. Zote tatu makao yake makuu ni Dodoma, karibu kabisa na Gulwe kuliko zilivyopata kuwa, na bado mwenyekiti wa chama cha kijiji aweza kuzunguka ofisi tatu kwa siku tatu na kurudi nyumbani na barua tatu zisizosemezana. Nauli ya mizunguko hiyo hutoka katika fedha za dizeli au za betri.

Wapo watakaosema kwamba wakulima hawawezi kuendesha jambo la kitaalamu kama umeme. Hao na watazame Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeishitaki kwa ujamaa. Mwaka 1935 katika mashamba kumi ya nchi ile, kiasi cha shamba moja tu lilikuwa na umeme. Makampuni yalikataa kupeleka nyaya kwa wakulima kwa kuwa hapakuwa na faida. Rais Roosevelt akaunda idara ya umeme wa vijijini mwezi wa Mei mwaka huo, na sheria ikapitishwa mwaka 1936. Kisha mwaka 1944 riba ya mikopo yake ikawekwa asilimia 2 kwa muda wa miaka 35. Wakopaji walikuwa hasa vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe. Serikali ilitoa mkopo, ikatoa kipimo cha nguzo na waya, ikakagua vitabu. Uendeshaji ikawaachia wenyewe. Baada ya miaka ishirini hivi, mashamba karibu yote yalikuwa na taa.

Jirani zetu wa Uganda nao walijaribu kwa njia yao. Huko Bundibugyo, Kyegegwa, na Pader pamoja na Abim, vyama vya ushirika vilipewa leseni ya kusambaza umeme kwa nyaya zilizojengwa na Serikali. Nyaya mali ya umma, kazi ya chama: mpango huu wapunguza mzigo wa mtaji, lakini pia wamfanya mwanachama aonekane mtumishi zaidi kuliko mwenye mali. Sisi twapendelea mwanachama awe na hisa yake, hata ikiwa ndogo, kwa sababu mtu huuliza habari za shilingi yake.

Basi marekebisho tunayoyataka si makubwa, na hayahitaji sheria mpya kila mwaka. Chama cha umeme kipate mlango mmoja wa kuingilia Serikalini, na ofisi tatu zizungumze zenyewe huko ndani. Mkaguzi wa hesabu akiisha kazi yake, asiondoke na ripoti mkobani. Aisome mbele ya mkutano mkuu, kwa Kiswahili, na huko Ugogo, ikibidi, kwa Kigogo, ili bibi aliyelipia taa moja aelewe fedha zake zilikwenda wapi. Kamati ikikutwa na hatia, wanachama waiondoe kwa kura na polisi wafanye kazi yao. Chama kisifutwe kwa kosa la watu watatu. Na yeyote atakayetamka bei mpya katika mkutano wa hadhara, awe amekuja na fedha za kulipia tofauti.

Fedha hizo, na mikopo yake, si ndoto. Mwezi wa Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma. Kama benki ya wakulima haitamkopesha mkulima wa alizeti anayetaka umeme wa njia tatu na mashine ya kukamulia, twaomba tuambiwe imejengwa kwa ajili ya nani.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Katika vitongoji vya Gulwe na kwingineko ambako vyama kama hivi vitaundwa, makatibu wa matawi ya Chama wataalikwa katika mikutano, nao wataonyeshwa viti vya mbele. Katibu aliye mwanachama wa ushirika huo ana haki ya kusema kama wengine. Asiye mwanachama akae asikilize. Na wote wawili, kila mwezi, walipe umeme wao kwa wakati.